Sili, wala Simharamishii Mwenzangu: Somo kuhusu Senene, Dhabb na Mlo wa Ugenini



Kila ifikapo Novemba, darsa yetu ya Ijumaa jioni huletewa swali lile lile. Anayeuliza huwa ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mara nyingi aliyetoka Mombasa, Zanzibar, Bujumbura au Goma, ambaye ameona ndoo za wadudu wa kijani zikiuzwa kando ya barabara na Waislamu wenziwe wakinunua bila wasiwasi. "Ndugu zangu, hawa senene ni halali?" Wanafunzi waliozaliwa Kampala hucheka. Wao wamekula nsenene tangu utotoni na hawakuwahi kufikiri kwamba hapo kuna swali.

Wahariri wameniomba niandike yale tuliyoyazungumza katika darsa mbili za mwezi huo. Mimi si mufti. Ni mwanafunzi wa kilimo aliyesoma madrasa Buyenzi, Bujumbura, kwa masheikh wa Kishafii kama wengi wenu. Fatwa mtaichukua kwa wenyewe. Nitakalofanya ni kulipasua swali hilo, kwa sababu ndani yake yamo maswali zaidi ya moja, na anayeyachanganya huishia ama kula asichopaswa kula ama, na hili ndilo nimeliona mara nyingi zaidi, kuwavunjia watu heshima kwa jina la dini.

Kwanza tuwajue senene wenyewe. Wasomaji wetu wa Kagera, upande wa Tanzania, hawahitaji maelezo, maana Wahaya wanawathamini kama wanavyowathamini Waganda. Wataalamu wa wadudu humwita Ruspolia differens. Ni jamii moja kubwa na panzi na nzige: ana miguu mirefu ya nyuma ya kurukia, ana mbawa, anakula majani na mbegu za nyasi, na huruka kwa makundi makubwa. Anatofautiana na nzige kwa vipapasio vyake, ambavyo ni virefu na vyembamba kama uzi, ilhali vya nzige ni vifupi. Tofauti hiyo ndogo iwekeni akilini, tutaihitaji baadaye.

Msimu mkubwa huja na mvua za mwisho wa mwaka, Novemba mpaka Desemba, na mdogo huja Aprili na Mei. Zamani kina mama na watoto waliwaokota kwenye nyasi alfajiri, wakati umande umewalemaza. Siku hizi ni biashara. Ukipita Masaka usiku wa msimu utadhani kuna uwanja wa mpira kila kilima: taa kali zinawaka, mabati yamesimamishwa kwa mshazari ndani ya mapipa, na moshi wa nyasi mbichi unafuka chini ili kuwalevya. Senene hufuata taa, hujigonga kwenye bati, huteleza, huingia pipani. Asubuhi magunia yako Nyendo, mchana yako Katwe hapa Kampala. Hung'olewa mbawa na miguu, kisha hukaangwa kwa chumvi na kitunguu. Mafuta hayahitajiki sana kwa sababu wanayo yao wenyewe. Ladha, kwa mtu wa Buyenzi, iko kati ya ndagala waliokaangwa wakakauka na ngozi ya kuku.

Sasa twende Madina.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas kisa cha Khalid bin al-Walid (r.a.) alipoingia pamoja na Mtume (s.a.w.) nyumbani kwa Bi Maymuna (r.a.), mke wa Mtume, ambaye kwa Khalid alikuwa dada wa mama yake. Kililetwa chakula, na ndani yake mlikuwa na dhabb wa kuchoma, zawadi iliyoletwa kutoka Najd na dada yake Bi Maymuna. Mtume (s.a.w.) alinyoosha mkono. Mmoja wa wanawake waliokuwapo akasema aambiwe ni kitu gani, na alipoambiwa akaurudisha mkono wake. Khalid akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kwamba sivyo, ila mnyama huyo hakuwa akipatikana katika ardhi ya watu wake, na hivyo nafsi yake haikumpenda. Basi Khalid akamvuta kwake, akala, na Mtume (s.a.w.) anatazama.

Hapa niweke neno moja la pembeni. Katika baadhi ya mihadhara dhabb hutajwa kwa jina la kenge, na wanafunzi hutoka wakidhani kenge wa mtoni ameruhusiwa. Dhabb ni mjusi wa jangwani mwenye mkia wa miiba, chakula chake ni mimea. Kenge wetu anakula mizoga, mayai na vifaranga. Anayetaka kujua hukumu ya kenge na aulize kuhusu kenge.

Tukirudi kwenye kisa, tazameni sababu iliyotolewa. Hakutaja uchafu, wala hakusema kwamba watu wa Najd hawajastaarabika. Alitaja ardhi na watu, yaani mazoea ya mahali alipokulia. Nafsi ya mtu hulelewa na jiko la mama yake, na hilo Mtume (s.a.w.) hakulificha. Lakini mazoea ya Makka hayakugeuzwa kuwa sheria juu ya Najd. Sahani moja, watu wawili, mmoja anakula na mmoja hali, na wote wako sawa. Vilevile angalieni kwamba alieleza kwa sababu aliulizwa. Abu Hurayra (r.a.) amepokea, na hadithi iko katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) hakuwahi kukitia ila chakula chochote: akikitamani hukila, asipokitamani hukiacha. Kukiacha kimyakimya ndio msingi, na maelezo huja yakihitajika.

Wanazuoni wa Kihanafi, kwa dalili nyingine walizozitanguliza, hawakumruhusu dhabb. Nalitaja hili kwa kuwa bwenini kwetu wapo ndugu wa Kihanafi, hasa wa familia zenye asili ya Kihindi, na ni hao hao wanaoacha pweza ambaye Mshafii wa Lamu anamla kwa furaha. Tofauti ya madhehebu si mazoea ya jiko; hiyo ni elimu na ina heshima yake. Lakini hata hapo adabu ni ile ile: Mhanafi anamwacha pweza, hamwondolei mwenzake sahani.

Jambo hili nililisoma kitabuni, kisha nikaliona kwa macho. Novemba iliyopita rafiki yangu wa bwenini alitualika kwao, kijiji kimoja nje ya mji wa Masaka, mimi na mwenzetu wa Mombasa. Upande wa baba ni Waislamu, upande wa mama ni Wakatoliki, kama zilivyo nyumba nyingi za huko, na siku hiyo wote walikuwapo. Tulikaa mkekani. Kijana alipita na birika na beseni akatunawisha mikono mmoja mmoja. Matoke yaliletwa yamefungwa ndani ya majani ya mgomba, pamoja na mchuzi wa karanga na kuku wa luwombo aliyeiva kwa mvuke ndani ya jani lake. Mwisho ikaja sahani ya senene.

Mwenye nyumba, ambaye kila mtu humwita Hajji, alikuwa amewanunua mwenyewe Nyendo kwa ajili yetu. Yeye hali. Ni wa ukoo wa Nsenene, na katika Buganda mtu hali kitu ambacho ukoo wake umekibeba kwa jina. Rafiki yangu, kwa kuwa ni mwanawe, naye hali. Mama, aliyetoka ukoo mwingine, ndiye aliyewakaanga na ndiye aliyewasifu. Mimi nilikula. Mwenzetu wa Mombasa alitazama sahani kwa muda, kisha akasema, na rafiki yetu akafasiri kwa Kiganda, "Hajji, niwie radhi. Sioni ubaya wake, ni nafsi tu haijazoea. Kuku na matoke vimenitosha, alhamdulillah."

Hajji akacheka. "Basi tuko wawili tusiokula. Sogezeni sahani kwa huyu Mrundi."

Nimeandika maneno ya kijana yule kama yalivyo kwa sababu ni mfano mzuri wa namna ya kukataa. Aliomba radhi, akaiweka sababu kwake yeye, si kwenye chakula, kisha akasifu kile alichokula. Lingekuwa jambo jingine kabisa kama angesema "sisi hatuli wadudu", neno ambalo nimelisikia kantini likisemwa mbele ya wenyeji, na nimewaona nyuso zao.

Waganda wana desturi nyingine inayofaa kujulikana na mgeni. Mlo ukiisha, aliyekula humwambia mpishi "Mwebale kufumba", asanteni kwa kupika. Na mpishi hujibu "Mwebale kulya", asanteni kwa kula. Anayelisha naye anashukuru. Ukiyatia maanani majibu hayo utaelewa kwa nini mgeni asiyegusa chochote huacha jeraha, na kwa nini yule anayeacha kitu kimoja anapaswa kuonekana akila kingine.

Katika darsa, kisa hiki kilizusha swali gumu kuliko la senene wenyewe. Dada mmoja aliuliza: Hajji anaposema hali kwa sababu ya ukoo, je, hajajiharamishia alichohalalisha Allah (s.w.t.)? Kila ukoo wa Buganda una muziro wake. Wa Mmamba hawali kamongo, wa Butiko hawali uyoga, wa Ndiga hawali kondoo. Na Qur'ani imelikemea jambo linalofanana na hili. Katika Suratul Maidah, aya ya 103, wanakanushwa Waarabu wa Jahiliya waliojitungia wanyama wa kutengwa, bahira, saiba na wenzao, kisha wakasingizia kwamba Allah ndiye aliyeamuru. Katika Suratun Nahl, aya ya 116, ndimi zinakatazwa kutangaza hiki halali na hiki haramu kwa uongo.

Jibu tulilolifikia, baada ya kumuuliza sheikh wetu, linategemea kilicho moyoni. Anayeacha chakula kwa mazoea ya nyumba yake, akijua kwamba si dhambi na kwamba mwingine akila hapati balaa, huyo yuko karibu na kisa cha dhabb. Anayeamini kwamba akila atapatwa na laana ya ukoo, au anayemzuia mkewe wa ukoo mwingine, huyo ana tatizo la itikadi, na tatizo hilo haliponi kwa kula senene bali kwa kusoma tauhidi. Hajji alitununulia, akatazama tukila, akacheka. Dalili ya moyo wake naiona hapo. Mwenye kujua zaidi na anisahihishe.

Dada yule hakuishia hapo, na nashukuru. Alisema katika Buganda ya zamani wanawake hawakula kuku wala mayai wala kondoo, wao walipika tu, na hata senene waliwaokota kwa ajili ya waume zao. Nyanya yake mwenyewe mpaka leo hali kuku. Je, na hilo ni nafsi tu kutozoea? Hapa ndugu zangu wanaume walinyamaza kidogo. Suratul An'am, aya ya 138 na 139, inawazungumzia watu waliosema kwamba wanyama fulani na mimea fulani haviliwi ila na wamtakao, na kwamba kilichomo matumboni mwa wanyama ni cha wanaume, wake zao wamekatazwa. Aya hiyo inaahidi malipo kwa uzushi huo. Ni vigumu kupata maneno yaliyo karibu zaidi na desturi ile.

Na kabla watu wa pwani na wa maziwa hawajajipongeza, tuulizane kuhusu firigisi. Kwetu Buyenzi ni ya baba. Kampala ni ya baba. Mombasa nako, kwa mujibu wa mwenzetu, ni ya baba au ya mkwe. Kumwekea baba kipande anachokipenda ni mapenzi na heshima, hakuna wa kuigusa. Lakini binti akiambiwa kwamba mwanamke haruhusiwi, tumeshatoka kwenye heshima tumeingia kwenye aya ya 139. Nyanya asiyekula kuku aachwe, koo lake limezoea hivyo kwa miaka themanini. Mjukuu wake asirithishwe katazo.

Mtu anaweza kudhani kutokana na haya yote kwamba kukataa chakula ni jambo la haya daima. Siyo, na hakuna mahali pa kulisema hilo vizuri kama nchi hii. Uislamu ulifika katika kasri la Buganda mwaka 1844, zama za Kabaka Suuna II, pamoja na wafanyabiashara kutoka pwani. Mwanawe, Kabaka Mutesa I, alifunga Ramadhani na kuwafundisha watu wake sala, lakini hakutahiriwa, kwa sababu mila haikuruhusu damu ya Kabaka kumwagwa. Miongoni mwa watumishi wa kasri walikuwamo vijana waliosoma wakaelewa. Walikataa kusali nyuma yake, na wakakataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wake ambao hawakuwa Waislamu. Mnamo mwaka 1876 waliuawa kwa moto Namugongo, mahali pale pale ambapo miaka kumi baadaye waliuawa mashahidi wa Kikristo wanaojulikana zaidi duniani. Wengi wao walikuwa na umri wa wanafunzi wetu, au chini yake.

Vijana wale hawakukataa kwa sababu ya mazoea ya nafsi. Nyama ya ng'ombe wa Kabaka ilikuwa tamu na walikuwa wameizoea tangu walipoingia kasri. Walikataa kwa sababu walijua mpaka ulipo. Ndiyo maana nasema kukataa kwa aina hizi mbili kusichanganywe. Anayeiita haramu kila pua yake inapokunja hulishusha thamani neno ambalo wengine walilifia.

Baada ya hayo, senene. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Abi Awfa (r.a.) kwamba walipigana vita sita au saba pamoja na Mtume (s.a.w.) wakila nzige. Na kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) imepokewa kwamba tumehalalishiwa mizoga miwili, samaki na nzige. Kwa hiyo uhalali wa nzige hauna mjadala, na kwa wanazuoni wengi hahitaji kuchinjwa. Wamaliki wao wanataka afe kwa tendo la mtu, kama kutiwa katika maji ya moto, pamoja na kutaja jina la Allah, na hawamli aliyejifia mwenyewe.

Mjadala uko kwenye jina. Katika madhehebu ya Shafii wadudu wadogo wa ardhini hawaliwi, na nzige ametolewa kwa dalili. Je, senene anaingia ndani ya jina la nzige? Wanaosema ndiyo, nao ndio masheikh wote wa Kampala niliowauliza, wanatazama umbo, chakula chake cha nyasi, kuruka kwake kwa makundi na kwamba watu wa hapa wanamwona kitu kizuri. Anayejizuia anasema jina la Kiarabu lilimlenga nzige mwenyewe, na vipapasio vile virefu vinamweka senene katika ukoo mwingine. Mimi nafuata kauli ya kwanza, kwa kuwa sioni kwamba urefu wa kipapasio ndio uliozingatiwa katika hukumu. Anayefuata ya pili amejichunga, na hana haki ya kuipindua sahani yangu.

Senene hawa pia wana roho. Nimeona sokoni watu wakiwang'oa mbawa na miguu wakiwa hai, gunia zima. Hadithi ya Shaddad bin Aws (r.a.) katika Muslim inaamuru wema katika kila kitu, hata katika kuchinja. Kuwamwagia maji ya moto kwanza wakafa mara moja, kisha kuwasafisha, si kazi kubwa, na wapishi wengine tayari hufanya hivyo.

Lakini shaka kubwa zaidi iko kwenye karai, kuliko kwa mdudu. Kampala nyama ya nguruwe inauzwa kila mtaa, na mkaangaji wa senene wa msimu huenda ametumia chombo na mafuta ya jirani yake. Abu Tha'laba al-Khushani (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu vyombo vya Ahlul Kitab, akaelekezwa atafute vingine, na akikosa avioshe kisha avitumie. Basi muulize muuzaji kwa adabu, "Ssebo" au "Nnyabo" kwanza, halafu karai hili hukaangia nini kingine. Wengi hujibu bila kuchukia. Au nunua wabichi mkaange wenyewe bwenini, ingawa msimamizi wa bweni letu ana maoni yake kuhusu jiko la umeme.

Limebaki la kumbikumbi, ambalo ndugu wa Gulu na Lira wameliuliza mara mbili. Huyo hana ujamaa na nzige, kwa hiyo dalili ya nzige haimfikii. Kwa Mshafii anabaki katika wadudu wasioliwa. Kwa Wamaliki mlango uko wazi kwa sharti lao la namna ya kumuua. Ukialikwa na ndugu Mmaliki akakupa kumbikumbi, jibu la yule kijana wa Mombasa unalo. Wallahu aalam.